Namna ya kuingia katika kazi ya akiolojia na uhifadhi wa majengo ya kale

Anayetaka kuishi kwa kazi ya akiolojia na uhifadhi wa majengo ya kale katika pwani yetu atahitaji shahada, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia tangu miaka ya 1980. Lakini kabla ya kuomba nafasi chuoni, namshauri atafute fundi wa chokaa na kumwomba ashinde naye kazini walau mwezi mmoja.

Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, kama zile za Lamu, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba: upana haukuweza kuzidi kipimo cha boriti. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji ya mvua na ya ardhini, kisha huyatoa taratibu kupitia lipu ya chokaa. Ukipigwa saruji, maji hukwama ndani, chumvi huganda nyuma ya lipu, na jiwe humeguka likawa unga huku uso wa ukuta ukionekana mzima. Ugonge kwa kifundo cha kidole. Ukilia kama debe tupu, ujue lipu imekwisha kuachana na jiwe. Hilo halisomwi darasani, na nimewaona wahitimu wazuri wakiaibika mbele ya mafundi kwa kutolijua.

Upande wa uchimbuaji, jizoeze kuandika na kuchora kuliko kuchimba. Kigae cha kauri ya Kichina kilichotoka Kilwa kinaweza kusaidia kukadiria umri wa tabaka zima la udongo kilimokutwa, ila kikitiwa mfukoni bila kibandiko cha tabaka lake kinabaki pambo tu. Usichimbe popote bila leseni. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaitaka.

Ajira za kudumu ni chache: makumbusho, idara za mambo ya kale, mamlaka za miji ya kale. Vijana wengi huanzia kwenye mikataba ya miezi michache, kama vile ukaguzi wa ardhi kabla ya barabara kujengwa, au miradi ya ukarabati ya aina iliyowezesha Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kuondolewa mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Unapoomba kazi hizo, ambatanisha michoro yako ya vipimo pamoja na cheti, maana msimamizi wa mradi huanza kutazama michoro.