Namna ya Kupita Ukaguzi wa Usalama Orlando Bila Familia Kutawanyika

Familia nyingi zinazofunga safari ya kwenda kwenye bustani za burudani za Orlando, katika jimbo la Florida, hujiandaa kwa hofu ya mtoto kupotea ndani, kwenye mabembea au gwaride la jioni. Mahali ambapo familia hukatika vipande kwa urahisi zaidi ni nje, katika zile hatua ishirini za ukaguzi wa usalama, ambapo mikono ya wazazi imejaa, macho yao yako kwenye begi linalofunguliwa, watoto wamekwisha kusikia muziki wa upande wa pili, na mlinzi, ambaye kazi yake ni kuhakikisha foleni haisimami, anawaambia waliokwisha kupita wasonge mbele. Hakuna anayekosea hapo. Kila mtu akitii anachoambiwa, baba atabaki mezani akikunjua nguo za akiba na watoto watakuwa mita hamsini mbele wakifuata migongo ya watu wasiowajua.

Ukaguzi wenyewe unavyofanyika

Mashine za kutambua chuma ziliwekwa kwenye malango ya Walt Disney World, Universal Orlando na SeaWorld mnamo Desemba 2015. Hapo mwanzo, kwa upande wa Disney, si kila mgeni aliyepitishwa kwenye mashine: walinzi waliwateua baadhi ya watu kutoka kwenye foleni na kuwapeleka pembeni, nao waliachana na jamaa zao papo hapo. Sasa kila mtu hupita, na kwa familia hilo ni afadhali, kwa sababu jambo la hakika hupangiwa ilhali la bahati nasibu halipangiki.

Tangu bustani za Disney zifunguliwe upya Julai 2020, baada ya kufungwa kwa ajili ya janga la UVIKO-19, zinatumika mashine za nguzo mbili ambazo mtu hupita katikati yake kwa mwendo wa kawaida, begi likiwa mgongoni. Mashine ikihisi kitu, skrini humwonyesha mlinzi kiko sehemu gani, na mwenyewe huelekezwa kwenye meza ya pembeni. Vitu vinavyoisumbua sana ni mwavuli, chupa ya maji ya chuma, kasha gumu la miwani na kompyuta mpakato, na ndiyo maana walinzi huwaomba watu wavitoe mapema na kuvishika mbele ya mwili wanapopita. Kwa bustani za Universal zilizo kando ya CityWalk, eneo la maduka na migahawa, ukaguzi uko kwenye jengo kubwa la maegesho, kabla ya njia ya kuelekea huko, na unafanana na wa uwanja wa ndege: begi hupita kwenye mkanda wa mashine ya eksirei na mtu hupita kwenye lango lake. Kwa hiyo kwa Disney anayeachwa nyuma ni yule aliyesimamishwa, na kwa Universal ni yule anayesubiri begi ambalo halijatokea.

Jambo ambalo wageni wengi hawalitambui hadi wafike ni kwamba lango la ukaguzi na lango la tiketi ni malango mawili, na wakati mwingine yako mbali sana. Anayekwenda Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za Disney, kwa gari hukaguliwa kwenye kituo cha Transportation and Ticket Center, kisha huvuka ziwa la Seven Seas Lagoon kwa kivuko, au hulizunguka kwa treni ya reli moja, ndipo afike penye tiketi. Aliyewahi kupotezana na mwenzake kwenye kivuko cha Likoni au cha Kigamboni anajua maana yake: mmoja akishapanda, mnatafutana mkiwa ng'ambo mbili. Kanuni ya kwanza, basi, ni kwamba hakuna anayepanda chombo chochote wala kukaribia lango la tiketi kabla familia nzima haijahesabiwa.

Mpangilio wa kupita

Kama kuna watu wazima wawili, wa kwanza apite akiwa mtupu kabisa. Asibebe begi, asivae mkanda wenye kifungo kikubwa cha chuma, asiwe na funguo nyingi mfukoni. Awe na simu yenye tiketi za wote na basi. Kazi yake ni moja, nayo ni kupokea. Akishapita, husogea hatua kadhaa ili asizibe njia, kisha hugeuka na kutazama lango. Watoto hufuata mmoja mmoja, mkubwa akiwa mbele na mdogo akiwa nyuma, mifuko yao ikiwa imekwisha kusafishwa asubuhi, maana gari dogo la chuma mfukoni mwa mtoto wa miaka mitano linatosha kumsimamisha. Mtu mzima wa pili hupita mwisho akiwa na mabegi yote, miavuli yote na chupa zote.

Watu wengi hufanya kinyume kwa nia njema: hugawana mizigo, kila mmoja na kibegi chake, ili asichoke mtu. Matokeo yake ni kwamba yeyote anaweza kusimamishwa, hata mtoto wa katikati, na mnyororo hukatika mahali msipopategemea. Mizigo yote ikiwa kwa mtu wa mwisho, mashine ikilia italia kwake, na yeye hata akikaa mezani dakika kumi, nyuma yake hakuna mtoto na mbele yake kuna mtu mzima aliyekwisha kuwapokea wote.

Mzazi aliye peke yake hana anasa hiyo. Ninachomshauri ni kupunguza mizigo hadi ibaki ile anayoweza kuishika kwa mkono mmoja, kumshika mdogo kwa mkono wa pili, na kumwambia mlinzi kabla ya kupita, si baada ya kusimamishwa, kwamba watoto hawa ni wake na hawatakwenda mbele bila yeye. Akielekezwa mezani, watoto waende naye mezani. Walinzi hawakatai jambo hili likisemwa mapema na kwa upole. Linalowatatiza ni mzazi anayeanza kuita majina kwa sauti akiwa tayari yuko pembeni.

Kigari cha mtoto kinahitaji neno lake. Tangu Mei 2019 Disney haipokei kigari chenye upana unaozidi sentimita 79 au urefu unaozidi sentimita 132, na vile vigari vya kukokota vyenye magurudumu manne vimepigwa marufuku kabisa. Bunduki za kuchezea nazo zimekatazwa tangu Desemba 2015, na vijiti vya kujipigia picha tangu katikati ya mwaka huohuo. Nayataja haya kwa sababu kitu kilichokatazwa humrudisha mtu kwenye gari, na baba anayerudi maegeshoni huku mama akiendelea na foleni amekwisha kuigawa familia kabla hata ya mashine kufanya hivyo.

Mahali pa kukutania

Mahali hapo pawe baada ya ukaguzi na kabla ya tiketi, pawe padogo, na paonekane na mtu mfupi. Kasri la Cinderella la Magic Kingdom halifai, kwa kuwa liko ndani kabisa mwishoni mwa barabara kuu. Jengo la umbo la mpira la Epcot, bustani nyingine ya Disney, linaloitwa Spaceship Earth, halifai pia ingawa lina kimo cha mita 55 na kila mtu analiona: liko upande wa ndani wa lango la tiketi, na ni kubwa kiasi kwamba watu wawili wanaweza kulizunguka kwa nusu saa bila kuonana. Afadhali nguzo ya taa yenye namba, benchi au kibanda. Mtu mzima wa kwanza ndiye anayepachagua akishapita, kisha huwaonyesha watoto kwa kidole wanapomfikia.

Maneno atakayoyasema mtoto

Hapa ndipo familia zetu zinapokuwa na shida ambayo miongozo ya Wamarekani haiifikirii. Ukimuuliza mtoto wa kwetu jina la mama yake, atajibu kwamba anaitwa Mama. Ukimbana zaidi atasema Mama Neema, kwa sababu ndivyo majirani na shangazi wanavyomwita. Mtoto huyohuyo anaweza kumwambia mlinzi, kwa Kiingereza fasaha alichojifunzia shuleni huko Marekani, Columbus au Minneapolis, kwamba amekuja na mama zake wawili na baba zake watatu, wala hasemi uongo: ana mama, mama mdogo, baba, baba mkubwa na baba mdogo. Mlinzi atabaki ameduwaa. Wiki moja kabla ya safari, mfundishe jina lako kamili kama lilivyoandikwa kwenye kitambulisho, na mwulize tena kila siku mkiwa mezani hadi alitamke bila kusita. Namba ya simu iandikwe kwenye bangili ya karatasi au upande wa ndani wa mkono wake kwa kalamu isiyofutika kwa jasho, maana mtoto mwenye hofu husahau hata namba anayoiimba kila siku.

Afundishwe pia kutokutafuta. Akigeuka asiwaone, asimame palepale alipo, asirudi kwenye mashine wala asiende mbele, kisha amwambie mtu mwenye beji ya jina kifuani. Wafanyakazi wa Disney huvaa beji hiyo, na mtoto wa miaka minne anaweza kuitambua akionyeshwa moja mapema. Asubuhi hiyo, mkishashuka kwenye gari, mpige kila mmoja picha ya mwili mzima. Mzazi mwenye wasiwasi hukosea rangi ya shati la mwanawe, lakini picha haikosei.

Bibi

Katika familia iliyompokea bibi kutoka Tanga au Mombasa, anayehitaji maandalizi zaidi ni yeye kuliko watoto. Watoto wanajua Kiingereza, wamezoea mashine shuleni na madukani, na mlinzi akimwona mtoto peke yake atamsimamisha mara moja. Mama mtu mzima aliyetulia pembeni na mkoba wake hawezi kumshtua mtu yeyote. Isitoshe, amezoea ukaguzi wa kwetu, ambapo wanawake hupita upande wao na kukaguliwa na mwanamke mwenzao, hivyo atasimama akitafuta foleni ya wanawake ambayo haipo, huku nyinyi mkidhani yuko nyuma yenu.

Liliwahi kutupata hilo sisi wenyewe, katika bustani ambayo haina haja ya kutajwa. Mama yetu mdogo alikuwa ameficha chupa ya chai ya chuma ndani ya kapu, chini ya kanga, kwa kuwa hakuamini kwamba mahali penye maelfu ya watu patauzwa chai ya kunyweka. Mashine ililia, akaelekezwa mezani, akaulizwa jambo asilolielewa, akatabasamu. Sisi tulikuwa tumekwisha kupita kwa furaha, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ndiye aliyemshika mkono. Ilituchukua zaidi ya nusu saa kumpata, na alipopatikana alikuwa ameketi kwenye benchi akinywa chai yake.

Kwa hiyo bibi asiwe wa mwisho wala wa kwanza. Apite kabla tu ya yule mtu mzima wa mwisho, na mkoba wake ubebwe na huyo wa mwisho. Awe na kadi ya karatasi mkononi, si ndani ya mkoba, iliyoandikwa kwa Kiingereza jina lake, kwamba anazungumza Kiswahili, na namba ya simu ya mwenyeji wake inayoanza na +1. Laini ya nyumbani haitoshi, kwani mlinzi hatapiga simu Tanzania wala Kenya, na ujumbe wa WhatsApp hautafika ikiwa simu ya bibi haina bando. Ikiwa anavaa buibui au mtandio na mlinzi anataka kumkagua kwa mkono, yule wa mwisho, aliye nyuma yake tu, amwombee kwa upole mkaguzi wa kike.

Mkishapotezana

Msirudi wote kutafuta. Mtu mzima mmoja abaki mahali pa kukutania bila kubanduka, hata kama anahisi hafanyi lolote, na wa pili amwendee mlinzi aliye karibu zaidi papo hapo, amwonyeshe picha ya asubuhi na kumweleza mahali mtoto alipoonekana mara ya mwisho. Kusubiri dakika tano kwa kuona aibu ndilo kosa linalofanyika zaidi. Eneo la kutafuta kwanza ni lile lililo kati ya ukaguzi na tiketi, kwa sababu Walt Disney World haimruhusu mtoto aliye chini ya miaka 14 kuingia bila kuandamana na mtu mwenye umri wa miaka 14 au zaidi. Angalizo langu ni juu ya wale walio chini ya miaka 3, ambao hawahitaji tiketi: katika msongamano, mtoto kama huyo anaweza kudhaniwa kuwa wa familia iliyo mbele yake, hivyo waulizwe pia wahudumu wa lango la tiketi. Akiwa amekwisha kuingia, watoto waliopotea ndani ya Magic Kingdom hupelekwa kwenye Baby Care Center, yaani kituo cha kuhudumia watoto wachanga, jengo lililo mwisho wa barabara kuu karibu na mgahawa wa Crystal Palace.

Mpangilio huu wote hurudiwa kila mtu anapotoka na kurudi. Anayekwenda kwenye gari saa nane mchana kuchukua dawa au nguo za mtoto atakaguliwa upya, na foleni ya wakati huo haitabiriki. Aende peke yake, aachie simu yenye tiketi za watoto kwa anayebaki nao ikiwa ana njia nyingine ya kuonyesha tiketi yake, na kabla hajaondoka mkubaliane upya mtakutana wapi, kwa kuwa benchi la asubuhi liko nje ya lango na nyinyi sasa mko ndani.