Namna ya Kutengeneza Maji ya Serisini kwa Ngozi kutokana na Vifukofuko Vilivyotobolewa

Hapa Sheema, magharibi mwa Uganda, mfugaji wa viwavi wa hariri hubakiwa na vifukofuko, yaani vifuko vya hariri ambavyo kiwavi hujisokotea, ambavyo nondo amevitoboa akitoka, na kwa kuwa uzi wake umekatika, haviwezi tena kuzongolewa kuwa uzi mmoja mrefu. Mimi huvikusanya vyote. Kifukofuko kina protini mbili: faiburoini, ambayo ndiyo uzi wenyewe, na serisini, gundi inayouzunguka, ambayo ni takriban robo ya uzito na huyeyuka katika maji moto. Gundi hiyo hushika unyevu, ndiyo maana huilainisha ngozi kavu.

Hatua ya kwanza: chagua vifukofuko vikavu visivyo na madoa ya buu aliyeoza. Vikate kwa mkasi, vikung'ute mabaki ya buu, uvisuuze upesi kwa maji baridi. Gramu 20 zatosha.

Hatua ya pili: vichemshe katika sufuria ya presha pamoja na mililita 500 za maji safi, kwa saa 1 tangu presha ipande. Usitie magadi. Viwandani huyatumia kwa kuwa huondoa gundi haraka, lakini ngozi ya binadamu ina uasidi kidogo, pH 5 hivi, na maji ya magadi huikausha na kuiwasha. Kwa hiyo sikubali kabisa kumpa mtu maji hayo ya magadi ya kiwandani ajipake usoni.

Hatua ya tatu: acha presha ishuke, kisha chuja kwa kitambaa cha pamba maji yangali moto, kwani yakipoa huweza kuwa mazito kama uji mwepesi. Yatie katika chupa ndogo za kioo zilizochemshwa. Hapa ndipo wengi hukosea: protini ni chakula cha bakteria, na maji haya hayana kihifadhi. Yaweke katika friji, uyatumie ndani ya siku 3, na yakibadilika harufu yamwage. Niliwahi kuyaacha mezani siku mbili, nikapoteza yote. Ni heri kutengeneza kidogo mara nyingi.

Kabla ya kuyatumia, paka tone ndani ya kiwiko, ungoje saa 24. Mwenye mzio wa hariri asiyaguse. Usiku, baada ya kunawa, jipake usoni, na ngozi ikiwa bado na unyevu ongeza mafuta kidogo ya shea kutoka kaskazini mwa nchi, ambayo ni laini kuliko yale ya Afrika Magharibi, ili unyevu usipotee.

Nyuzi zilizobaki kitambaani zikaushe kivulini. Zimekuwa laini, na zafaa kunawia uso.