Jinsi ya Kukaa Itikafu Katika Kumi la Mwisho

Itikafu, katika asili yake ya Kiarabu, ni kushikamana na jambo na kulidumu; kisheria ni kukaa msikitini kwa nia ya ibada. Anayelala msikitini kwa kukimbia joto la nyumbani hajakaa itikafu, ilhali aliyenuia akatulia kitambo kidogo baada ya Alasiri amekwisha kuipata, kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi hapa Mombasa.

Anayetaka kumi zima, yaani siku kumi za mwisho za Ramadhani, aingie kabla ya jua la mwezi 20 Ramadhani kuchwa, kwani usiku wa 21 huanza Magharibi. Nia ni ya moyoni: “Nanuia kukaa itikafu katika msikiti huu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.” Aliyeweka nadhiri anuie faradhi. Mke apate kwanza idhini ya mumewe, naye pia itikafu yake ni msikitini, si chumbani.

Ni bora kuchagua msikiti unaosaliwa Ijumaa, ili asilazimike kutoka siku hiyo; misikiti mingi midogo ya vichochoroni haisaliwi. Kamati ya msikiti iarifiwe mapema, kwa sababu nafasi na daku hupangwa kwa idadi ya watu. Mzigo uwe mwepesi: shuka, mswaki, msahafu, kanzu ya kubadili.

Wengi huteleza katika kutoka. Aliyenuia siku kumi akitoka kwenda msalani, nia yake ya awali yatosha. Akitoka kwa jambo jingine, kisha akarudi, hana budi kunuia upya, isipokuwa alitoka akiwa ameazimia kurejea. Mpaka wenyewe ni ukuta wa msikiti: dari ya juu ni msikiti, lakini baraza ya nje inayopakana na njia, pale watu wanapoketi na vikombe vya kahawa tungu baada ya Tarawehe, mara nyingi si msikiti, na mtu huweza kutoka bila kujitambua. Ni vyema kumuuliza imamu mpaka uko wapi. Kutoa kichwa au mkono hakudhuru, kwani Mtume alikuwa akimtolea Bibi Aisha kichwa amchane nywele, naye Mtume yumo msikitini. Kinachoibatilisha moja kwa moja ni tendo la ndoa, kama ilivyokatazwa katika Suratul Baqara, aya ya 187.

Kumi huisha jua linapokuchwa usiku wa Idi, ingawa imependekezwa kulala hapo hapo na kutokea msikitini kwenda kusali Idi.