Kabla ya kubeba sufuria kwenda kwenye mashindano ya chili ya hisani

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Chili inayozungumzwa hapa si pilipili yenyewe, ni mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe, pilipili kavu, bizari nyembamba na kitunguu saumu. Ni chakula cha Texas, na tangu 1977 ndicho chakula rasmi cha jimbo hilo. Mashindano ya kukipika yalianza kuvuma 1967, Wick Fowler, mwandishi wa habari wa Texas, na H. Allen Smith, mwandishi wa vichekesho, walipopambana Terlingua, kijiji cha jangwani karibu na mpaka wa Meksiko, wakatoka sare. Siku hizi makanisa, shule na vituo vya zimamoto Marekani huyaandaa kuchangisha fedha, na ndugu zetu wanaoishi huko hualikwa kushiriki. Kupika wanajua. Kinachowaangusha ni yale ambayo hayakuulizwa wala kupimwa mapema: sufuria inaisha saa moja kabla ya muda, au inarudi nyumbani imejaa kwa sababu ni kali mno. Zote mbili ni fedha ambazo wahitaji hawakuzipata.

Anza na masharti, tena uyaombe kwa maandishi. Chama cha CASI (Chili Appreciation Society International), kinachosimamia mashindano mengi ya Texas, kinakataza maharage, wali na tambi ndani ya sufuria. Chama kingine cha mashindano, ICS (International Chili Society), nacho hakiruhusu maharage kwenye chili nyekundu ya jadi. Mashindano ya mtaani mara nyingi hujiwekea sheria zake, kwa hiyo uliza: chakula kinapikwa palepale au kinaletwa kimeiva? Maharage yanaruhusiwa? Washindi wanachaguliwa na majaji, au na watu kwa kutumbukiza dola kwenye chombo chako? Jibu la swali hili la mwisho ndilo linaloamua upike kiasi gani. Uliza pia kama kibali cha idara ya afya ya kaunti kimechukuliwa na mwandaaji au kila meza inajitegemea. Kaunti nyingine hazikubali kabisa chakula kilichopikwa jikoni kwa mtu.

Kwenye viungo ndiko wapishi wetu wengi wanakopotea. Kikopo kilichoandikwa "chili powder" katika duka la Marekani si pilipili ya unga kama ya kwetu. Ni mchanganyiko wa pilipili kavu zisizo kali sana, bizari nyembamba, kitunguu saumu na oregano (jani kavu la kiungo), na mara nyingine chumvi. Mapishi yakisema vijiko sita vya chakula kwa kilo moja ya nyama, yanamaanisha mchanganyiko huo. Ukitia vijiko sita vya pilipili ya unga ya kawaida, hakuna atakayemaliza kikombe. Kwa kilo moja inatosha vijiko sita vya mchanganyiko, kijiko kimoja cha bizari nyembamba, kimoja cha kitunguu saumu cha unga, na robo kijiko cha chai cha pilipili kali. Soma lebo uone kama chumvi imo, na chumvi yako itie mwishoni, mchuzi ukishapungua. Viungo vya pilau viache kabatini. Iliki na karafuu zina harufu nzuri, lakini jaji aliyezoea chili ya Texas ataona amepewa chakula kingine. Ni Cincinnati, mji wa jimbo la Ohio, ndiko chili ina mdalasini kwa asili, na huko inamiminwa juu ya tambi.

Viungo havitiwi vyote kwa mkupuo. Nusu iingie mapema pamoja na supu, robo katikati, na robo ya mwisho dakika 30 kabla ya kupeleka kikombe kwa majaji. Bizari na kitunguu saumu vikichemka saa tatu, harufu huondoka na mvuke. Ukiitia hiyo robo ya mwisho zikiwa zimebaki chini ya dakika 30, unga unabaki mbichi, unakwaruza ulimi na kuacha uchungu kooni. Majaji wa CASI hutazama harufu, wekundu, uzito wa mchuzi, ladha, na ladha inayobaki baada ya kumeza. Hilo la mwisho ndilo linalofichua viungo vibichi.

Nyama chukua ya bega, ukate vipande vya sentimita moja. Kaanga kidogo kidogo. Ukijaza sufuria nyama itatoa maji, ichemke na kuwa ya kijivu badala ya kukaangika. Kisha iache kwenye moto mdogo saa mbili na nusu hadi tatu, ukiengua mafuta yanayoelea. Kupima uzito wa mchuzi, weka kijiko kimoja kwenye sahani nyeupe uinamishe. Maji mekundu yakikimbia peke yake na kuziacha nyama nyuma, bado ni mwepesi. Usiposogea kabisa, ongeza supu. Mchuzi mzuri huteremka taratibu pamoja na nyama yake.

Sasa kiasi. Kikombe cha kuonjea huchukua kama mililita 60. Watu 200 wanahitaji lita 12, na ukiongeza ya kumwagika na ya majaji unafika lita 13. Kilo moja ya nyama bila maharage hutoa lita moja na nusu hadi mbili za chili, hivyo nunua kilo saba na nusu, nane. Kama kura ni za watu wote, pika isiyo kali, maana watoto na wazee watapita hapo, halafu weka chupa ya pilipili pembeni kwa wanaoitaka.

Umeme nao unahitaji hesabu. Saketi ya kawaida ya ampia 15 kwa volti 120 hubeba wati 1,800. Sufuria kubwa ya umeme ya kuokea hula kama 1,450, kwa hiyo mbili kwenye ekstenshi moja zitakata umeme wa meza nzima. Na chombo ulichobeba kutoka Tanzania au Kenya, cha volti 240, kikipata 120 hutoa takriban robo tu ya joto lake. Zile sufuria za kupika polepole, ambazo wengi huziita Crock-Pot, ni za kutunzia moto. Chakula kiingie humo kikiwa kimeshachemka.

Joto lisishuke chini ya nyuzi 57 za Selsiasi, yaani 135 za Farenihaiti, kuanzia kikombe cha kwanza hadi cha mwisho. Nunua kipimajoto cha kuchoma, na upime katikati ya sufuria, si ukingoni. Ukipika usiku wa kuamkia siku yenyewe, usiache sufuria nzima ipoe juu ya jiko. Mchuzi mzito hukaa vuguvugu kwa saa nyingi, na vijidudu vya Clostridium perfringens, ambavyo mbegu zake haziuawi na kuchemsha, huzaliana humo. Gawa kwenye trei zenye kina cha sentimita tano: ishuke hadi nyuzi 21 ndani ya saa mbili, na hadi 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Asubuhi pasha hadi 74. Maharage mekundu makavu usiyaanzie kwenye sufuria ya kupika polepole, kwani yana sumu ya asili inayohitaji mchemko wa kweli. Loweka, mwaga maji, kisha uyachemshe kwa nguvu dakika 30 kabla ya kuyaunga.

Andika kadi ya viambato na uiweke mbele ya sufuria. Wapishi wengi wa chili hutia bia au nyama ya nguruwe, na Mwislamu anayepita ana haki ya kujua bila kulazimika kuuliza. Taja pia unga wa ngano na siagi ya karanga ukivitumia kuzidishia uzito.

Mezani uwe na dumu la maji lenye bomba, sabuni, karatasi za kufutia na ndoo ya maji machafu. Weka miiko miwili, na mtu mmoja wa kupokea pesa ambaye hagusi chakula. Beba dola moja moja za chenji. Jioni pesa zihesabiwe na watu wawili, waandike jumla na kusaini mbele ya mwandaaji kabla meza haijavunjwa.