Somo: andika mahitaji ya programu kwa mantiki kabla hujagusa kompyuta

Wakuu, juzi mteja kanipa karatasi ya app ya kutuma pesa, imeandikwa "mtu akiweka namba ya siri sahihi na salio likitosha, pesa itatumwa". Ukiisoma haina shida si ndio? Haya twende taratibu.

Kwanza vipe vitu herufi. N ni namba ya siri sahihi, S salio linatosha kiasi pamoja na makato (makato wengi wanayasahau), T pesa imetumwa.

Halafu igeuze ile sentensi: (N ∧ S) → T. Alama ya kwanza ni "na", mshale ni "kama, basi". Sasa ikorofishe: namba ya siri sio sahihi, na pesa imetoka. Sharti limevunjika? Wala! Upande wa kushoto ukiwa uongo, sentensi nzima inabaki kweli, kwa hiyo programu inayomgawia mwizi pesa imefuata karatasi vizuri tu. Alichotaka mteja ni T → (N ∧ S), yaani pesa isitoke mpaka vyote viwili viwepo. Tena ule mshale wake wa kwanza hata kuutimiza huwezi, mtandao ukikata je? N na S zipo, ila pesa haijatumwa.

Mwisho weka sharti la kudumu, lisilovunjika sekunde yoyote: salio ≥ 0. Lijaribu, mtu ana 10,000 kabonyeza mara mbili kutuma 8,000, maombi yote mawili yakasoma 10,000 kabla hata moja halijakata, S ni kweli kote, salio linaishia -6,000 ukiacha makato. Kuwinda vitu kama hivi kwa mkono utachoka, tumia TLA+, lugha ya kuandika mahitaji kwa mantiki iliyobuniwa na mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport, kikaguzi chake kinapitia hali zote za modeli yako (yale maelezo ya mfumo uliyoyaandika).

Swali: Mkuu lazima niwe nimesoma hesabu za chuo?
Jibu: Hapana, ni na, au, si, kama-basi, kila, kuna. Ila mbili za mwisho zina mtego, "kila muamala una risiti" sio sawa na "kuna risiti ya kila muamala", hiyo ya pili mtu anaweza kusoma risiti moja ya wote.

Swali: Kuna wanaotumia kweli au nadharia tu?
Jibu: Laini 14 ya metro ya Paris, ya 1998, treni hazina dereva, programu yake ya usalama ilijengwa kwa njia ya B ambayo ni mantiki mwanzo mwisho. Amazon nao wako na TLA+ toka 2011.

Swali: Sasa mteja hivyo vialama atavielewa?
Jibu: Usimpelekee, mpelekee swali. Mi wangu nilimuuliza mtandao ukikata katikati pesa iwe kwa nani, akakaa kimya weee, akasema ngoja nimuulize bosi.