Namna ya Kuokoa Picha Zilizofutwa kwenye Kadi ya Kamera

Kila Maulidi ya Riyadha yanapomalizika hapa Lamu, huletewa kadi za kamera ambazo picha zake zimefutwa kwa bahati mbaya, na ombi langu la kwanza ni kwamba kadi itolewe papo hapo wala isipigiwe picha nyingine hata moja. Sababu imo katika namna mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kamera au kompyuta, unavyogawa nafasi.

Aliyelelewa katika nyumba ya mawe na azikumbuke zidaka za ukutani. Kadi nayo imegawanywa katika vijumba vya ukubwa mmoja viitwavyo klasta, na klasta moja haichukui faili mbili. Katika kadi za FAT32 (mpangilio mmojawapo wa kuhifadhi faili) zenye gigabaiti 32, klasta aghalabu huwa ya kilobaiti 32; kwa hiyo barua ya baiti mia moja hushika klasta nzima, na picha ya megabaiti 4 hushika klasta 128. Si lazima zifuatane: mfumo huzitwaa popote palipo wazi, kisha huandika katika jedwali maalumu kwamba baada ya klasta hii inafuata ile, mpaka mwisho wa faili.

Unapofuta picha, picha yenyewe haiguswi. Mfumo hubadilisha herufi ya kwanza ya jina lake katika folda, na kuandika sifuri kwenye jedwali kuonyesha kuwa klasta zake zi wazi. Picha mpya ikipewa klasta hizohizo, hakuna fundi awezaye kuirudisha ile ya zamani.

Basi, telezesha kitufe kidogo kilicho ubavuni mwa kadi ili isiandikwe, uichomeke kwenye kompyuta, na ukiulizwa kama ungependa kuifomati, yaani kuipanga upya ianze ikiwa tupu, kataa. Tengeneza nakala ya kadi nzima, pamoja na sehemu zinazohesabiwa kuwa tupu. Kunakili faili kwa njia ya kawaida hakutoshi, kwani huchukua zile tu ambazo folda bado inazitambua. Kwenye Linux, mojawapo ya mifumo endeshi ya kompyuta, programu ya ddrescue huifanya kazi hiyo vizuri. Kisha ifanyie nakala hiyo upekuzi kwa PhotoRec, programu ya bure isiyolitegemea jedwali, bali hutafuta alama za mwanzo wa faili: picha ya JPEG, kwa mfano, huanza kwa baiti FF D8 FF. Matokeo yahifadhiwe kwenye diski ya kompyuta, kamwe si kwenye kadi.

Majina ya awali kwa kawaida hupotea, ingawa tarehe iliyoandikwa ndani ya picha hubaki. Video ndefu, ambazo klasta zake huenda zimetawanyika, mara nyingi hutoka zikiwa na kasoro. Kwa diski za SSD, zile diski za kielektroniki za kompyuta, matumaini ni madogo zaidi, kwa kuwa mfumo endeshi huziarifu, kwa amri ya TRIM, klasta zilizoachwa, nazo huzisafisha zenyewe.

Fungua kila picha uitazame kwa macho yako kabla ya kuifomati kadi upya ndani ya kamera.