Jinsi ya Kulinganisha Uimara wa Rili Kongwe za Cluses, Svängsta na Philadelphia

Hatua ya kwanza ni kuchagua rili, yaani vifaa vya kukunjia mshipi wa kuvulia samaki, zilizokusudiwa kazi moja. Mitchell 300, iliyotengenezwa na Carpano & Pons mjini Cluses, Ufaransa, inalingana na Cardinal 4 ya kampuni ya ABU kutoka Svängsta, Uswidi. Penn 704 ya Philadelphia iliundwa kwa ajili ya maji ya chumvi, kwa hiyo mwenzake wa haki ni Mitchell 302; anayeishindanisha na 300 atapima ukubwa, si ufundi wa kiwanda. Soma pia namba iliyopigwa chini ya mguu, sehemu inayofungwa kwenye fimbo, kwani katika rili nyingi za ABU za miaka ya 1970 tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka na mbili zinazofuata ni mwezi: inayoanza na 7504 ilitoka Aprili 1975.

Hatua ya pili hufanywa kabla ya kufungua chochote. Shikilia rota, sehemu inayozunguka na kukunja mshipi, isizunguke, kisha usukume mkono wa kuzungushia mbele na nyuma kwa ncha ya kidole, ukihisi umbali unaocheza kabla ya gia kukamatana. Usidanganywe na ulaini wa rili inayozungushwa bila mzigo, ambao wauzaji hupenda kuuonyesha: grisi nzito huficha meno yaliyolika.

Hatua ya tatu ndiyo yenye uamuzi. Fungua kifuniko, osha gia kwa mafuta ya taa, zifute, kisha uzitazame kwa lenzi chini ya mwanga wa pembeni. Cardinal 4 na Penn 704 hutumia gia ya parafujo (skrubu inayozungusha gurudumu lenye meno), ambayo meno yake husuguana kwa kuteleza. Ikiwahi kuendeshwa kavu, meno ya gurudumu huwa membamba na yenye ncha kali. Mitchell hutumia gia za pembe (magurudumu yenye meno ya mshazari yanayokutana kwa pembe), na hapo tafuta alama ya mgusano: ikikaa katikati ya jino, gia zimepangwa sawasawa, ikilalia ukingoni, bushi (bomba dogo linaloshikilia ekseli) imelika au kuna aliyewahi kuikarabati ovyo.

Breki, inayozuia mshipi samaki anapouvuta, haihitaji muda mrefu. Vuta mshipi polepole kwa mizani ya springi. Mshale ukiruka mwanzoni kisha kushuka, badilisha washa (visahani vya ndani ya breki) kwanza kabla ya kukilaumu kiwanda.

Kwa maoni yangu, Cardinal 4 huongoza kwa usahihi wa gia, lakini kwa uvuvi wa baharini ningechukua 704. Unapozifunga tena, zipakeni gia za parafujo grisi ya kutosha.